Coca-Cola haijawahi kubadili nembo? Dhana potofu na ukweli kuhusu nembo za mahasimu

Kuna picha moja inayozunguka mitandaoni kwa miaka mingi sasa. Upande mmoja, chini ya jina la Pepsi, nembo zimepangwa kama ngazi: mwandiko wenye mikia, kizibo cha chupa, mduara, tufe, kisha tufe lililoinamishwa kama linatabasamu. Upande wa pili, chini ya jina la Coca-Cola, ipo nembo moja tu, kana kwamba karne na ushei imepita bila mtu kuigusa. Anayeituma huongeza neno moja: msimamo. Wengine hutia methali kabisa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Picha inachekesha, na nusu yake ya Pepsi iko sawa kwa kiasi kikubwa. Uongo umejificha kwenye ile nusu iliyoachwa tupu.

Dhana: Coca-Cola imeandikwa vilevile tangu siku ya kwanza

Siku ya kwanza hakukuwa na nembo. Kinywaji cha mfamasia John Pemberton kilianza kuuzwa Atlanta, Marekani, Mei 1886, na tangazo lake la kwanza gazetini, mwezi huohuo, lilichapwa kwa herufi za kawaida za mtambo, kama tangazo la dawa ya kikohozi. Mwandiko ule unaoteleza ulikuja baadaye kidogo, kwa mkono wa Frank Robinson, mtunza hesabu wa Pemberton. Ndiye pia aliyetoa jina, akiamini kwamba C mbili zikikaa pamoja zitapendeza kwenye matangazo.

Hata mwandiko wenyewe hakuubuni yeye. Uliitwa Spencerian, na ndio waliofundishwa makarani wa Marekani enzi hizo. Barua za biashara na madaftari ya hesabu yaliandikwa hivyo. Kwa hiyo kitu tunachokiona leo kuwa cha pekee kilianza kikiwa hati ya ofisini isiyo na ajabu yoyote. Upekee wake umekuja kwa sababu watu wengine wote waliacha kuandika namna ile.

Halafu ikaguswa, tena mara nyingi. Kati ya 1890 na 1891 herufi zilichorwa upya zikiwa na mapambo yanayoning'inia, ungedhani ni kadi ya mwaliko wa harusi. Maneno ya kuonyesha kwamba ni alama ya biashara yalikaa ndani ya mkia wa C ya kwanza kwa miongo kadhaa, yakahamishiwa chini ya jina mwaka 1941. Mwaka 1958 jina likaingizwa ndani ya umbo jekundu lenye ncha, ambalo watu walilibatiza mkia wa samaki. Mwaka 1969 ukaja utepe mweupe wenye wimbi. Mwaka 1985 makopo ya Marekani yakabeba neno Coke kwa herufi nene, na miezi michache baadaye neno Classic likabandikwa kwenye soda ya zamani iliporudishwa. Neno hilo halikuondoka mpaka 2009.

Kilichodumu ni mifupa ya mwandiko wa Robinson. Hilo si jambo dogo, na anayelisifu hakosei. Lakini mchora picha ile ametumia mizani miwili. Kwa Coca-Cola amehesabu mwandiko peke yake, akatupa mikia ya samaki, tepe na neno Classic. Kwa Pepsi amehesabu kila kitu. Ukimtendea Pepsi vilevile, ukatazama ule mduara wenye wimbi la nyekundu, nyeupe na bluu na kusahau herufi, utakuta nembo inayotambulika tangu kizibo cha chupa cha miaka ya 1940.

Dhana: Mwandiko ule umedumu kwa sababu ya mapenzi ya sanaa

Sababu kubwa ilikuwa mahakamani. Kampuni ilisajili mwandiko wake kama alama ya biashara mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 soko la Marekani lilijaa soda za kuiga zenye majina na herufi za kumchanganya mnunuzi. Chupa yenye kiuno, iliyobuniwa mwaka 1915 na kiwanda cha vioo cha Root kule Indiana, ilizaliwa kutokana na adha hiyohiyo: kampuni ilitaka chupa ambayo mtu angeitambua hata akiipapasa gizani. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Coca-Cola ushindi dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiuza kinywaji kwa jina la Koke.

Katika vita vya namna hiyo, kila lebo ya zamani inayofanana na ya leo ni shahidi wako. Ukichora upya jina lako kila baada ya miaka kumi, unamrahisishia kazi mwigaji na wakili wake.

Na sasa itazame Pepsi ya wakati huohuo. Caleb Bradham, mfamasia wa New Bern, North Carolina, alikibadilisha jina kinywaji chake kutoka Brad's Drink kuwa Pepsi-Cola mwaka 1898. Nembo zake za mwanzo ziliandikwa kwa hati nyekundu yenye mikia iliyopinda, na ukisimama hatua chache ungeweza kudhani ni binamu wa yule wa Atlanta. Coca-Cola iliishtaki Pepsi nchini Kanada kwa kufanana huko, na kesi ikapanda ngazi hadi Baraza la Rufaa la Kifalme kule London. Mwaka 1942 Pepsi ilishinda. Iliendelea na hati yake ya mikia kwa miaka 20 zaidi, mpaka 1962 ilipoiacha na kuchukua herufi zilizosimama wima, ikaliacha na neno Cola.

Wengi hulisoma badiliko hilo la 1962 kama kuyumba. Mimi naliona kinyume chake: ndipo Pepsi ilipoacha kuvaa nguo za jirani.

Dhana: Pepsi ni ya bluu tangu kuzaliwa

Ilizaliwa nyekundu. Bluu iliingia na kile kizibo cha rangi tatu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, rangi za bendera ya Marekani, kama ishara ya uzalendo. Kwa muda mrefu baadaye bluu ilikaa pamoja na nyeupe na nyekundu bila kutawala.

Uamuzi wa kuifanya bluu kuwa makazi ya Pepsi duniani ulifanywa kwa makusudi na kwa kishindo mwaka 1996. Kati ya vituko vya uzinduzi ule, ndege ya Concorde ya Air France ilipakwa rangi ya bluu. Tatizo ni kwamba Concorde zilikuwa nyeupe kwa sababu nyeupe hurudisha joto, na ndege ile ilichemka ikiruka kwa mara mbili ya kasi ya sauti. Ikabidi mabawa yaachwe meupe, kwa kuwa ndani yake mna mafuta, na marubani wakaambiwa wasikae kwenye kasi hiyo zaidi ya dakika 20. Sijui nembo nyingine ya soda iliyowahi kuipunguzia ndege mwendo.

Dhana: Anayebadili nembo ndiye anayeshindwa

Hapa ndipo picha ile inapopotosha zaidi, kwa sababu inamfanya mtazamaji aone sababu na matokeo mahali ambapo kuna michoro tu.

Chukua miaka ambayo mahasimu hawa walikabana koo kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1973 Pepsi ilipata nembo mpya: mduara wa wimbi ukiwa na jina katikati, pembeni bluu na nyekundu. Ikakaa nayo hadi 1991, ukiacha marekebisho madogo ya herufi. Miaka 18. Ndani ya kipindi hicho ilianzisha zile kampeni za kuwaonjesha watu vikombe viwili bila kuwaambia kilichomo, ikaisogelea Coca-Cola, na katika maduka makubwa ya vyakula Marekani ikaitangulia. Aliyetikisika ni yule wa msimamo. Aprili 23, 1985 Coca-Cola ilibadili ladha yenyewe, wateja wakaja juu, na Julai 11 ya zamani ikarudishwa ikiwa na lile neno Classic. Siku 79. Kwa hiyo vita vilipokuwa vikali kabisa, nembo iliyotulia ilikuwa ya Pepsi, na makopo yaliyobadilika-badilika yalikuwa ya Coca-Cola. Picha ya mitandaoni haina namna ya kukuonyesha hilo.

Na kuhusu fedha: mwaka 2023 PepsiCo ilikuwa na mapato ya dola bilioni 91.5, Coca-Cola bilioni 45.8. Usikimbilie kumtangaza mshindi. PepsiCo inauza pia vitafunio vya Frito-Lay na nafaka za Quaker, na Coca-Cola kwa sehemu kubwa huuza kimiminika kizito cha kutengenezea soda na kuwaachia wengine kazi ya kujaza chupa, ndiyo maana faida yake mwaka huo ilikuwa kubwa kuliko ya mpinzani wake. Ukizungumzia soda peke yake, Coca-Cola iko mbele kwa mbali. Lakini ilikuwa mbele pia Pepsi ilipokuwa haijagusa nembo yake kwa miaka 18. Coca-Cola ilianza miaka 12 kabla ya jina la Pepsi kuzaliwa, na Pepsi ikafilisika mara mbili, 1923 na 1931. Mwenye soko ana sababu ya kuuza kumbukumbu. Anayemfukuza huuza upya, vijana, kesho. Nembo hufuata nafasi ya mtu sokoni zaidi kuliko inavyoitengeneza.

Ile methali ya kizuri chajiuza nayo haikai. Coca-Cola imejitembeza kuliko karibu chapa yoyote duniani. Mwandiko wake umeingia vichwani kwa matangazo ya zaidi ya karne, kwenye kuta, saa, trei, majokofu na viwanja vya michezo.

Dhana: Kila nembo ina maana nzito iliyofichwa

Mara nyingi maana huja baada ya mchoro. Wapenzi wa magari watakuambia nembo ya BMW ni pangaboi la ndege linalozunguka. Nembo hiyo ni ya 1917, na bluu na nyeupe yake ni rangi za jimbo la Bavaria, zikiwa zimepangwa kinyume kwa sababu sheria haikuruhusu alama za dola kutumika kibiashara. Hadithi ya pangaboi ilitokana na tangazo la 1929 lililochora ndege na nembo ikizunguka puani mwake. Kampuni iliacha hadithi iishi, maana ilikuwa tamu.

Apple nayo. Tofaa lililong'atwa halimkumbuki Alan Turing, mwasisi wa sayansi ya kompyuta anayesemekana kufa kwa tofaa lenye sumu. Rob Janoff, aliyelichora mwaka 1977, ameeleza kwamba aling'ata ili tunda lisidhaniwe kuwa cheri likichorwa dogo. Tukiwa hapo: watu huiona Apple kama kampuni ya kubadilika na Microsoft kama ya kuganda, lakini umbo la tofaa lile limebaki lilelile huku rangi zikija na kuondoka, na nembo ya Microsoft ya 1987 ilikaa miaka 25 ndipo madirisha manne ya rangi yakachukua nafasi mwaka 2012. Wote wawili wavumilivu.

Kilele cha maana za kubandika ni hati ya Arnell Group, wakala aliyeichorea Pepsi lile tufe linalotabasamu mwaka 2008. Ilivuja mwaka uliofuata. Ndani yake mna Mona Lisa, uwiano wa dhahabu, uga wa sumaku wa dunia na nguvu ya uvutano, vyote vikitajwa kumweleza mtu kwa nini wimbi jeupe limepindishwa. Niliisoma nikidhani ni mzaha.

Dhana: Watu watanung'unika, kisha watazoea

Wakati mwingine huzoea. Lakini wakala huyohuyo, kwa kampuni hiyohiyo, alibadili pakiti za juisi ya Tropicana Januari 2009: lile chungwa lililochomekwa mrija likaondolewa, jina likasimamishwa wima. Ndani ya miezi isiyotimia miwili mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, na pakiti za zamani zikarudi. Juisi ilikuwa ileile. Mnunuzi hakulalamikia sanaa. Alipita mbele ya rafu bila kuiona juisi yake.

Burger King ilifanya kinyume. Mwaka 2021 iliacha nembo ya 1999 yenye mkunjo wa bluu na kurudi karibu na ile ya 1969, jina katikati ya vipande viwili vya mkate. McDonald's, mpinzani wake, haikuhitaji kurudi popote. Matao yake ya dhahabu hayajaondoka.

Pepsi pia ilirudi nyuma, na namna ilivyorudi ndiyo ninayoipenda kuliko yote haya. Machi 2023 ilitangaza nembo mpya kwa ajili ya miaka 125: bluu iliyokolea, nyeusi, na jina likiwa limerudishwa katikati ya mduara. Mkuu wa ubunifu wa PepsiCo wakati huo, Mauro Porcini, alieleza kwamba walipowaomba watu wachore nembo ya Pepsi kwa kumbukumbu, waliendelea kuliweka jina ndani ya tufe. Jina lilikuwa limetolewa humo tangu 1991.