Nyamapori bila karatasi ni kesi: leseni, mgawo na kitoweo

Tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori nchini Tanzania, maswali yanayofika kwenye madawati yetu ya leseni katika ofisi za wanyamapori yamebadilika sura. Zamani mwananchi aliuliza, "Naruhusiwa?" Siku hizi anatujulisha: "Si imesharuhusiwa?" Hapana. Kilichoruhusiwa ni biashara ya nyama iliyopatikana kwa leseni, ikauzwa na mwenye bucha aliyesajiliwa, na mnunuzi akaondoka na risiti. Nyama inayoingia mtaani usiku kwa bodaboda ndani ya kiroba haikuhalalishwa na kanuni hizo wala nyingine yoyote.

Tunaamini wengi wanaoingia matatani si majangili. Ni watu waliotaka kitoweo, wakapewa bei nzuri, hawakuuliza nyama imetoka wapi. Makala hii ni kwa ajili yao. Ni ya elimu tu na haichukui nafasi ya sheria yenyewe. Mwenye jambo mahsusi aonane na ofisa wanyamapori wa wilaya yake au wakili.

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, Sura ya 283. Kwa sheria hiyo wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na sehemu yoyote ya mnyama huyo ni nyara ya Serikali. Nyama mbichi, vimoro (vipande vya nyama) vilivyokaushwa juu ya moshi, ngozi, pembe, jino, mkia, yai, vyote vimo. Kosa linalowapata wengi liko kifungu cha 86, nalo ni kupatikana na nyara. Halihusu kuwinda. Hivyo utetezi tunaousikia kila mara, "mimi sikuua, nilinunua tu", haujibu shitaka hata kidogo. Mama lishe aliyeiweka sufuriani, dereva aliyekubali kubeba mzigo, shemeji aliyeombwa ahifadhi ndoo hadi kesho, wote wamepatikana nayo. Na kifungu cha 100 kinamtaka mshitakiwa ndiye athibitishe kwamba aliipata kihalali. Watu wanashangaa tunapong'ang'ania karatasi. Karatasi ndiyo uthibitisho wenyewe.

Thamani nayo ihesabiweje? Hapa ndipo mshangao huwa mkubwa mahakamani. Ofisa mthamini haweki nyama kwenye mizani kama bucha. Anatambua ni mnyama gani, kwa rangi ya manyoya yaliyobaki, umbo la kwato na namna mfupa ulivyo, kisha anahesabu wanyama wangapi waliuawa ili vipande hivyo vipatikane. Mguu mmoja wa nyumbu ni nyumbu mmoja. Kwa jedwali la viwango la mwaka 2012, Tangazo la Serikali Na. 207, nyumbu alithaminiwa kwa dola 650 za Marekani, pundamilia 1,200, swala pala 390, zikageuzwa shilingi kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo. Kwa hiyo hoja ya "ni kilo moja tu" inaishia pale pale. Kilo moja haitembei porini peke yake.

Kosa hili huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Maana yake ni kwamba mahakama ya wilaya haiwezi kuanza kusikiliza shauri mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa na hati ya kuipa mamlaka. Ndiyo sababu ndugu wa mshitakiwa wanaambiwa "upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa" mara kadhaa, wakadhani kuna mtu anawachezea. Na mara nyingi shitaka haliwi moja. Aliyekamatwa ndani ya pori la akiba na nyama, panga na nyaya za kutegea anaweza kusomewa matatu: kuingia bila kibali, kupatikana na silaha ndani ya hifadhi, kupatikana na nyara. Mahakama zetu zimetoa kifungo cha miaka 20 kwa nyama ya swala pala mmoja. Wapo wanaosema adhabu ni kali mno kwa mtu mwenye njaa. Mjadala huo una mahali pake, nako ni bungeni, si kwa askari wa doria saa nane za usiku.

Nyama kwa kuwa inaoza, haikai hadi hukumu. Huteketezwa kwa amri ya hakimu, na fomu ya orodha ya mali ndiyo huwasilishwa baadaye kama kielelezo. Mshitakiwa anayo haki ya kuwapo mbele ya hakimu na kusikilizwa kabla ya amri hiyo kutolewa. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hili, na mashauri kadhaa yameanguka kwa sababu halikufanyika. Tunalisema wazi kwa sababu ni sheria, ingawa si wenzetu wote wanaolipenda.

Ya mwisho kuhusu adhabu: sheria inatoa nafasi ya kufifilisha baadhi ya makosa, yaani kuyamaliza kwa malipo bila kesi, lakini mamlaka hayo ni ya Mkurugenzi wa Wanyamapori, kwa maandishi, na stakabadhi ya Serikali. Anayekuambia "toa kidogo yaishe" kichakani hafifilishi kosa. Anaongeza la pili, na TAKUKURU wana ofisi wilayani.

Sasa leseni. Nashangaa hadi leo mtu mzima anadhani uwindaji wa kihalali ni wa wageni peke yao. Mtanzania mwenye silaha iliyosajiliwa anaweza kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji katika maeneo yaliyotengwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, wa mwenyeji wala wa mtalii. Leseni inataja aina ya mnyama, idadi, eneo na tarehe. Haihamishiki. Leseni ya swala pala mmoja haikuruhusu kumpiga kuro kwa kuwa swala hakuonekana, na leseni ya kaka yako haikuhusu hata kama bunduki ni ya baba yenu. Ukimjeruhi mnyama akatoroka, umeshamtumia huyo. Fuatilia, toa taarifa, usihamie kwa mwingine. Sumu, mitego ya nyaya, mashimo, nyavu, kuwasha moto, kumulika kwa kurunzi usiku na kupiga ukiwa ndani ya gari ni marufuku hata kwa mwenye leseni. Twiga hawindwi. Ngozi na pembe ukitaka kubaki nazo ukutani, zina hati yake ya umiliki, nayo huombwa mapema, si baada ya jirani kukuripoti.

Wengi wanauliza idadi hizi zinatoka wapi, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kila eneo lina mgawo wake wa mwaka kwa kila aina ya mnyama. Msingi wake ni sensa. Watafiti wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, hurusha ndege ndogo wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, kwa mistari iliyonyooka. Kwenye mhimili wa bawa hufungwa fimbo mbili, na mwangalizi huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo tu, halafu hesabu hupanuliwa kwa eneo zima. Tembo na nyati huonekana vizuri kutoka juu. Digidigi aliyelala chini ya kichaka haonekani, kwa hiyo wanyama wadogo hatuwapangii kwa ndege peke yake. Tunatazama kumbukumbu za doria, hesabu kwenye mabwawa, na taarifa za wawindaji: walitumia siku ngapi kumpata mnyama, na pembe zake zilikuwa na urefu gani. Pembe zikianza kufupika mwaka hadi mwaka, madume yanauawa kabla hayajakomaa, na mgawo hushushwa.

Kwa swala pala, dume mmoja hupanda majike mengi, kwa hiyo kuondoa madume machache hakupunguzi ndama wa mwakani. Jike mwenye mimba ukimuua umeondoa wawili. Waya hauchagui, na hapo ndipo ugomvi wetu mkubwa na mitego ulipo kuliko hata bunduki. Kwa simba hesabu hugeuka kabisa. Ukimuondoa dume anayelinda familia, dume mgeni akiingia huua watoto wa mwenzake ili majike yapate joto tena. Ndiyo maana Tanzania iliweka umri wa miaka 6 kuwa wa chini kwa simba wa kuwindwa, na meno na fuvu hukaguliwa baada ya uwindaji. Tembo ana kipimo chake cha pembe, kilo 20 au urefu wa sentimita 160.

Anayesema "wapo wengi, hawaishi" atazame Selous. Mwaka 1976 ilikadiriwa kuwa na tembo takriban 109,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Na anayesema wanyama wakipungua hawarudi, atazame Serengeti: nyumbu walikuwa takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu, ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe wa pembezoni, walivuka milioni moja kabla ya muongo wa 1970 kwisha. Ng'ombe ndio waliochanjwa, nyumbu wakapona.

"Mzungu anaua halafu anapiga picha, mimi nafungwa." Nalisikia karibu kila mkutano wa kijiji, na nakiri linachosha, ingawa naelewa uchungu wake. Mgeni anapiga kwa leseni ile ile yenye aina, idadi, eneo na tarehe, analipa kwa kila mnyama, na akikiuka anashitakiwa. Mwulize mwenyekiti wa kijiji chako kama mko ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, mgao wa mapato uliingia lini, na nyama ya kitalu cha uwindaji iligawiwaje. Hayo ni maswali halali na yanastahili majibu kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kutega nyaya si namna ya kuyauliza.

Kuhusu mnyama aliyekutwa amekufa, awe amegongwa na gari kwenye barabara inayokata Mikumi au amelala tu kando ya mto: si wako. Bado ni mali ya umma, na wajibu wako ni kutoa taarifa. Zaidi ya sheria kuna ugonjwa wa kimeta. Mzoga uliovimba haraka, haukukakamaa, unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma, usiuguse wala kuupasua. Ukiupasua, vijidudu hukutana na hewa, hujijengea gamba na kukaa kwenye udongo miaka mingi, wakisubiri mbuzi wako. Kuchemsha sana si kinga ya kutegemea, kwa sababu aliyechuna ameshagusa damu.

Mnyama akiingia shambani, mfukuze, piga simu kwa ofisa wanyamapori au mtendaji wa kijiji. Ukilazimika kumuua kuokoa maisha, sheria inakulinda, lakini toa taarifa mara moja na nyama uiache ilipo. Kumuua kisha kumchuna, kumgawa na kumkausha hakufanani na kujitetea. Kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa vipo kwa mujibu wa kanuni. Si fidia, na tunajua havitoshi. Havitolewi bila fomu iliyojazwa baada ya ukaguzi, kwa hiyo usivune kilichobaki kabla mkaguzi hajafika.

Wanaotaka leseni wafike ofisi ya wanyamapori ya wilaya na leseni ya silaha halisi, si nakala, si picha kwenye simu. Wenye mashaka na walichonunua bucha waje na risiti. Na tafadhali, kwa wale wanaopenda kuja na kipande kwenye mfuko wa nailoni ili tuwaambie kama ni cha halali: msituletee nyama.