Kinyonga Anapoungua Mgongo kwa Taa ya Joto

Wanaofuga kinyonga Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutuuliza swali hili mara kwa mara: kwa nini mnyama asisogee anapoungua? Kizimba kina nafasi, matawi yapo, lakini kinyonga amekaa palepale chini ya taa mpaka mgongo umebabuka. Wengine huamua kwamba hasikii maumivu. Anayasikia, na ni vizuri tuanze kwa kuelewa kinachomweka pale, maana kinga yote inatokana na hapo.

Kinyonga hajitengenezei joto la kumtosha mwilini. Hulipata kwa kuota jua. Porini jua humpiga ubavu mzima kwa mara moja. Hujibapa, hugeuza ubavu kulielekea, hukoleza rangi ya upande huo, na ngozi na mwili wa ndani hupanda joto karibu kwa pamoja. Taa ya kizimbani iko karibu mno kufanya kazi hiyo. Huchoma sehemu ndogo ya kishungi cha kichwa au uti wa mgongo huku tumbo na miguu vikiwa bado baridi. Mwili wa ndani unadai joto, basi mnyama anabaki. Kwa hiyo anayeungua mara nyingi ni yule aliyekuwa akisikia baridi, na miezi ya baridi ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Ukiona kinyonga wako anashinda chini ya taa kutwa, usifurahi kwamba ameipenda. Chumba ni baridi. Pasha chumba joto kwanza, kabla hujafikiria kununua balbu yenye wati nyingi zaidi. Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea: wanaongeza nguvu ya taa, na mnyama anazidi kuganda chini yake.

Jambo la pili ni umbali. Kwa balbu ya kawaida isiyo na kioo cha kukusanya mwanga, ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya mionzi inayompata mnyama huongezeka karibu mara nne. Sentimita chache zina maana kubwa. Tunashauri pawe na sentimita 20 hadi 30 kati ya taa na sehemu ya juu kabisa ya mwili wa kinyonga akiwa amesimama kwenye tawi lake. Wafugaji hupima mpaka kwenye tawi na kusahau kwamba mgongo uko juu ya tawi, na kishungi cha dume wa kinyonga wa Yemeni huinuka sentimita kadhaa juu zaidi. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani hakiwezi kukuonyesha hayo. Weka ncha ya kipimajoto pale mgongo unapofika, iache saa nzima taa ikiwaka, ndipo usome.

Kwa kinyonga aliyekomaa wa Yemeni au wa Madagaska (panther), nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi mahali pa kuotea zinatosha. Kinyonga wa Jackson, yule wa pembe tatu, asiwekewe zaidi ya 26 hadi 29. Huyu asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, Tanzania, kwenye usiku wa baridi kali. Anayemfuga akidhani kila mnyama wa Afrika anapenda joto kali humuumiza bila kujua. Kinyonga aliyepauka rangi na kuachama mdomo amezidiwa na joto, zima taa.

Taa isiwe ndani ya kizimba kamwe. Hata ikiwa nje, isilale juu ya wavu, kwa sababu kinyonga hupanda darini na kuning'inia kichwa chini, na waya uliopashwa humchoma nyayo. Iinue, na ukate matawi yanayomfikisha karibu nayo. Balbu za LED za nyumbani hutoa mwanga bila joto la maana, hivyo wengi wamehamia balbu za halojeni, zinazotoa mwanga pamoja na joto. Chagua yenye mwale mpana, kwani mwale mwembamba ndio unaochoma sehemu moja. Vipasha joto visivyotoa mwanga na mawe yanayopashwa joto kwa umeme havimfai: amezoea joto linalokuja pamoja na nuru kutoka juu.

Ikiwa ameshaungua, siku ya kwanza huenda ukaona doa lililopauka tu, au malengelenge. Weusi na kigaga huja siku kadhaa baadaye, kwa hiyo usipime ukubwa wa jeraha kwa macho ya siku ya kwanza. Zima taa, weka kitambaa safi chenye maji ya baridi ya bomba kwa dakika kama 10, kisha mpeleke kwa daktari anayetibu reptilia. Usiweke barafu, dawa ya meno, siagi wala asali ya jikoni. Usipasue malengelenge. Usimpe paracetamol, na epuka marhamu yenye dawa ya ganzi. Daktari hutumia zaidi krimu ya silver sulfadiazine, inayoua bakteria kwenye majeraha ya moto, akaongeza dawa ya maumivu, na antibiotiki panapokuwa na maambukizi.

Nyumbani usimnyime joto, kwa kuwa bila joto kinga ya mwili wake hulegea na kidonda hakifungi. Sogeza tu taa mbali. Jeraha la moto hupoteza maji, na kinyonga hunywa matone ya majanini, hivyo nyunyizia majani mara nyingi zaidi kisha acha kizimba kikauke. Toa nyenje walioachwa bila kuliwa kabla ya usiku, hutafuna kidonda.

Kupona huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kovu hubaki na rangi moja hata mwili mwingine ukibadilika, na anapojivua ngozi hunasa hapohapo. Mnyunyizie maji vuguvugu mpaka ilegee yenyewe, usiibandue kwa vidole.