Wapolandi wa Lithuania si wahamiaji
Ukisikia Wapolandi wa Lithuania wakidai haki zao, ni rahisi kudhani ni watu waliohamia juzi kutafuta kazi. Sivyo. Wengi wako kwao, vizazi na vizazi, hasa eneo la Šalčininkai na vijiji vinavyouzunguka mji mkuu, Vilnius. Kilichohama ni mpaka. Vilnius yenyewe ilikuwa chini ya Poland hadi 1939.

Wala lugha yao haikupigwa marufuku: shule za Kipolandi zipo, tena kwa fedha za umma. Ugomvi uliochukua miaka ni wa herufi, naam, herufi! Alfabeti ya Kilithuania haina w, basi Kowalski kwenye pasipoti akaandikwa Kovalski. Sheria iliyoanza kutumika Mei 2022 iliruhusu q, w na x. Ile ł ya Kipolandi yenye kamstari haikuigusa.