Vifaranga Hawabanwi Ili Wapate Joto

Nimeambiwa tena wiki hii, na mfugaji aliyepoteza sehemu kubwa ya kundi lake kwa usiku mmoja, kwamba duara la bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, alilifanya dogo kwa makusudi ili vifaranga wapeane joto. Kauli hiyo naisikia msimu baada ya msimu, Njombe kwenye baridi na hata Dar es Salaam kwenye joto, na kwa kuwa inaendelea kuua vifaranga wasio na hatia yoyote, nimeona niijibu kwa kirefu.

Chanzo chake nakijua. Vifaranga huletwa katika boksi la 100 lenye vyumba vinne, wakiwa wamebanana, na mara nyingi hufika wazima hata baada ya kusafiri kwa basi usiku kucha. Ni kweli kwamba humo ndani wanapeana joto. Lakini boksi limetobolewa matundu kila upande, halina maranda yaliyolowa wala mkaa unaowaka, na kifaranga aliyemo anaishi kwa mabaki ya kiini cha yai yaliyomo tumboni mwake, ambayo humtosha kwa siku mbili au tatu tu. Boksi limetengenezwa kwa ajili ya safari. Mara tu umwagapo vifaranga chini na kuwawekea chakula, maji na jiko, hesabu ya boksi haina kazi tena.

Jambo ambalo wengi hawataki kulikubali ni kwamba kifaranga katika wiki mbili za mwanzo hawezi kudhibiti vizuri joto la mwili wake mwenyewe. Njia yake kuu ya kujirekebisha ni kutembea. Akisikia baridi husogea kwenye jiko, akizidiwa na joto husogea pembeni. Ndiyo maana tunaposema wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, halafu tunashusha takriban nyuzi 3 kila wiki, tunazungumzia eneo lililo karibu na jiko, si bruda nzima. Lazima kuwe na sehemu yenye joto na sehemu yenye ubaridi kiasi, na katikati yake pawe na nafasi ya kutosha kupita bila kukanyagana. Duara dogo huiondoa sehemu ya pili. Saa nane mchana Dar es Salaam, jua likiwa juu ya bati, kifaranga aliyefungiwa katika duara hilo hana pa kukimbilia, hivyo hutanua mbawa, hufungua mdomo na kuhema, kisha huacha kula. Alfajiri mkaa unapofifia mambo hugeuka: wote hukimbilia mahali pamoja na kulaliana. Ukiwafumua asubuhi utawakuta wa chini wamekuwa bapa, manyoya yao malaini yakiwa yamelowa, na shingo zimelala. Hao hawakuuawa na baridi. Walikosa hewa chini ya wenzao. Kubanana, basi, ni dalili kwamba joto halitoshi, nami sielewi kwa nini dalili ya tatizo igeuzwe kuwa dawa yake. Anayeogopa baridi aongeze jiko, azibe upepo wa chini, na amguse kifaranga miguu kwa shavu lake: miguu ikiwa ya baridi, joto halitoshi, hata kama kipimajoto cha ukutani kinasema vingine.

Kuhusu vipimo, nitatumia hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kuzungushia duara, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayoikata. Ubao mmoja wa futi 8 kwa 4, ukipasuliwa kwa urefu na vipande vyake viwili kuunganishwa, hutoa duara lenye kipenyo cha karibu mita 1.5, yaani eneo la takriban mita za mraba 1.8. Kwa vifaranga 100 wa siku moja linatosha kwa shida, kwa sababu jiko na vyombo navyo vinakula nafasi. Mbao mbili hutoa kipenyo cha karibu mita 3 na eneo la karibu mita za mraba 7. Umeongeza ubao mmoja tu, nafasi imekuwa mara nne. Kwa hiyo hoja ya kuokoa gharama kwa kubana duara siipokei.

Kosa jingine ni kuichukua namba ya siku ya kwanza kana kwamba ni ya mwezi mzima. Broila, yaani kuku wa nyama, huingia na gramu 40 hivi, na akilishwa vizuri huwa na uzito wa zaidi ya mara nne ifikapo siku ya saba. Mimi hupanga vifaranga 40 hadi 50 kwa mita ya mraba siku tatu za mwanzo, 25 mwishoni mwa wiki ya kwanza, 15 mwishoni mwa ya pili, na 10 kuanzia wiki ya tatu. Kuku wa mayai hukua polepole, hivyo hatua zake zinaweza kuchelewa. Namba hizi nazitumia kama mwanzo, na sizitetei kwa nguvu zote: majedwali mengi tunayoyanakili yaliandaliwa kwa mabanda yaliyofungwa yenye feni, na nina shaka kama yanafaa kuhamishiwa vilevile kwenye banda la wavu la Morogoro, au kwa chotara, yaani kuku wa mchanganyiko, ambao hawafanani ukuaji hata katika kundi moja. Hali ya vifaranga wenyewe saa tatu usiku naiamini zaidi kuliko jedwali.

Madhara mengine nayapitia haraka. Msongamano hulowesha maranda. Maranda yaliyolowa hutoa amonia inayochoma macho, na huwapa vimelea vya kuhara damu unyevu na joto vinavyohitaji. Wanyonge husukumwa mbali na vyombo na kudumaa. Anayetumia mkaa asizibe madirisha ya juu, kwani moshi usioonekana huua vifaranga, na humuua pia anayelala nao chumba kimoja.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinaweza kubeba vifaranga 300 wa broila kwa siku chache za mwanzo, na hapo ndipo watu hujidanganya wanapoweka oda. Kama huna banda la mita za mraba 30 litakalokuwa tayari kufikia wiki ya tatu, chumba hicho ni cha broila 90.