Mtaa uliokuwa Pushkinska mjini Kharkiv, Ukraine: yasemwayo na ukweli wenyewe

Dhana: Mtaa ulipewa jina la Pushkin, mshairi wa Urusi, kwa sababu aliishi hapo.

Hakuishi. Mwaka 1829, akielekea Caucasus, njia yake ilikuwa ipitie Kursk, mji wa Urusi, na Kharkiv, ila akakata na kushika barabara ya Tiflis (leo Tbilisi). Mwenyewe aliandika kwamba alichokikosa ni mlo mzuri wa Kursk. Chuo Kikuu cha Kharkiv hakuwa na hamu ya kukiona, maana hakikufikia hata thamani ya mgahawa wa Kursk. Mji uliobezwa hivyo ndio uliompa mtaa mwaka 1899, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe. Sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kumkumbuka, kwani babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika, lakini hilo halimhusu sana mkazi wa Kharkiv.

Dhana: Pushkinska ndilo jina la asili.

Kabla yake mtaa uliitwa Nimetska, yaani wa Wajerumani. Usikimbilie kuwaza majeshi ya Hitler, yaliyoukalia mji katika Vita Vikuu vya Pili. Waliokusudiwa ni walowezi wa Kijerumani waliofanya makazi hapo zamani sana kabla ya vita hivyo.

Dhana: Jina la Pushkinska lilifutwa kwa hasira ya siku moja.

Wakazi walikuwa na hasira, na ni haki yao: makombora ya Urusi yaliupiga mji tarehe 23 Januari 2024, na kabla mwezi haujaisha mtaa ukawa wa Hryhorii Skovoroda. Lakini sheria ya kuondoa majina ya kikoloni ya Kirusi ilikuwa imetiwa saini Aprili 2023, ikaanza kutumika Julai, na mabaraza ya miji yalipewa miezi 6. Muda ulikuwa ukingoni. Skovoroda naye si jina la kuokota: mwanafalsafa huyo wa karne ya 18 alifundisha Kharkiv, sura yake imo kwenye noti ya Ukraine ya hryvnia 500, na makumbusho yake katika mkoa huohuo yaliteketezwa kwa kombora Mei 2022.

Dhana: Wakazi walilazimika kubadili hati zote.

La. Hati zenye anwani ya zamani hubaki halali.

Ila mgeni asitafute kituo cha metro cha Skovoroda: kilichokuwa Pushkinska sasa kinaitwa Yaroslava Mudroho.