Andes na washkaji: nani atasema tushuke?

Kila nikitaja kwamba nimeshatembea milima ya Peru na washkaji zangu, watu wanauliza tiketi bei gani, halafu Machu Picchu, yale magofu ya Wainka, pakoje. Hakuna anayeuliza kile ambacho kwa mtu wa kazi yangu ndio swali lenyewe, kwamba mkiwa kule juu, anayeamua ni nani? Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, ndio kazi inayonilisha, na pale jibu halina utata: hupandi bila mwongozaji, na nyuma yake kuna wasaidizi, mpishi, na wagumu waliobeba mahema na trei za mayai, mwongozaji akisema wewe leo hupandi basi hupandi hata kama ulilipa kwa dola. Andes ni habari nyingine, unaingia na begi mgongoni, marafiki zako, ramani kwenye simu, mmemaliza.

Niweke sawa kidogo, sio njia zote. Ile Njia ya Inka maarufu, ya kilomita 43 hivi kwenda Machu Picchu, huwezi kuingia kienyeji, lazima upite kwa wakala mwenye leseni, vibali ni vya watu 500 kwa siku wakiwemo wapagazi na waongozaji wenyewe, na Februari inafungwa. Ninazosema ni Salkantay na mzunguko wa Ausangate, zote upande wa mji wa Cusco, ambazo mnaweza kutembea wenyewe mkilipa vijiada vya vijiji njiani (bebeni soles, pesa ya Peru, za chenji jamani, kule hakuna M-Pesa).

Sasa tatizo linaanzia kwenye ndege. Lima, mji mkuu wa Peru, iko pwani, Cusco iko mita 3,400 hivi, na ndege inatumia kama saa moja na nusu tu, yaani umetoka usawa wa Dar ukashushwa katikati ya kambi za Mandara na Horombo za Kilimanjaro bila kupiga hatua hata moja. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia ileile 21 ila mgandamizo umeshuka, kwa hiyo kila pumzi inakupa kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na ukifika kilele cha njia ya Salkantay, mita 4,630 hivi, unapata nusu na kidogo. Mwili unajitetea kwa kupumua haraka, na figo zinarekebisha damu kwa kukukojoza, ndio maana usiku mnapishana kutoka kwenye hema na tochi kichwani. Hiyo kazi inachukua siku kadhaa na haiharakishwi na mazoezi ya gym wala ujana, nimeona wakimbiaji wa marathoni wanatapika na mabibi wa miaka 60 wanapita wanasalimia.

Kwa hiyo sisi tulipotua hatukulala Cusco, tulipanda gari palepale tukashuka Ollantaytambo, mita 2,800, tukakaa huko kwanza tunakula na kuzunguka magofu. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukivuka 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu nne upumzike. Nitasema ukweli ambao wenzangu wa Moshi hawapendi niuandike: Kilimanjaro tunaivunja hiyo kanuni kila wiki. Kambi ya Machame iko karibu na 3,000, kesho yake mgeni analala Shira, 3,800 hivi. Kinachotuokoa ni umbo la mlima, Kilimanjaro umesimama peke yake, mgeni akizidiwa popote pale unageuza uso unashuka, na kila hatua ya kushuka ni dawa. Anayetoka kileleni Uhuru anaweza kulala kambi ya Mweka, chini kabisa, siku hiyohiyo.

Ausangate haikupi hiyo nafasi. Ule mzunguko karibu wote uko juu ya mita 4,300, unavuka mapito (pa kuvukia kati ya vilele) mengine zaidi ya 5,000, na ukishavuka la kwanza ukaingia bonde la ndani, njia ya kurudi mlikotoka inapanda tena. Yaani ili mrudi mlikotoka lazima kwanza mpande, na mgonjwa wako ndio huyo hawezi kupanda. Ndio maana kundi ambalo halijawahi kulala juu nawaambia waanze na Salkantay, kule mkishavuka lile pito mnashuka moja kwa moja, jioni mko kwenye joto karibu mita 2,900 mnapigwa na mbu, mtu aliyekuwa anaumwa kichwa asubuhi anaomba bia.

Na hapa ndio naogopa makundi ya marafiki kuliko wageni wasiojuana. Mgeni aliyelipa ananiambia kila kitu, hadi kucha inayouma. Rafiki anakausha. Hataki kuwaharibia safari, mmechanga hela mwaka mzima, kuna utani wa "wewe ndio ulisema una mapafu ya farasi", basi anajikaza, anasema niko poa, na wenzake nao wanataka kuamini kwa sababu na wao wanataka kwenda. Kila mtu ana nia nzuri na kundi zima linapanda na mgonjwa.

Tulichofanya tulikubaliana tukiwa bado chini, kabla mtu yeyote hajawa na cha kuficha. Kila jioni kabla ya kula, wote tunajibu kwa sauti: kichwa, tumbo, usingizi, pumzi. Kichwa kikiuma na kuna kingine juu yake, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, kizunguzungu, huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine, na kundi zima halipandi kesho. Anayeumwa hana kura juu ya hali yake. Hakuna anayeshuka peke yake. Na pesa ya farasi iliwekwa pembeni, kwa sababu kule wapo wenye farasi wanaoweza kumbeba mtu, ila usitake kuanza kuchangishana wakati mtu amelala chini.

Ausangate jioni moja baridi ilikuwa kali, maji ya chupa yanaanza kuganda hata kabla hatujamaliza kupika, jamaa yetu mmoja anazungusha tambi kwenye bakuli wala hali. Poa? Poa. Nikamwomba atembee pembeni ya kamba ya hema, kisigino kinagusa vidole, hatua kama kumi. Akatembea vizuri kabisa, ananuna. Mtu anayeyumba pale, au anaongea kama amelewa, ubongo umeanza kuvimba na hasubiri asubuhi, anashushwa usiku huohuo, sawa na anayehema akiwa amekaa tu au anakohoa povu. Huyu ilikuwa kichwa na hamu ya kula, tukabaki palepale siku nzima tunacheza karata, keshokutwa asubuhi akala sahani mbili tukaondoka. Kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni tulikuwa nacho, lakini kwenye vidole vya baridi kinadanganya sana, mimi naamini zaidi bakuli lililoachwa.

Kitu kingine cha kuambiana mapema: usiku mwenzako anaweza kuacha kupumua sekunde kadhaa halafu avute pumzi kwa nguvu kama ameibuka majini. Kwa mwinuko ule ni kawaida, usimwamshe kila mara mtakosa usingizi wote.

Chakula, maharage sahau. Mita 4,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, utamaliza gesi na bado yatakuwa mawe. Tambi nyembamba, oti, na viazi vikavu vya wenyeji, chuño, wanavianika usiku vigande halafu wanavikanyaga mchana kutoa maji, vyepesi kubeba. Gesi nunueni Cusco, ndege hairuhusu. Mbwa wa wachungaji wa alpaca ni wakali, ila ukiinama tu kama unaokota jiwe wanarudi nyuma, kama wa kwetu Uru.

Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inasaidia, ila uliza daktari kwanza hasa kama una aleji ya salfa, na ujue vidole vitachonyota na soda itakuwa na ladha mbaya. Chai ya majani ya coca utapewa kila hoteli, kunywa, inachangamsha, lakini isiwe sababu ya kuruka siku za kuzoea. Na yale majani yaacheni hukohuko, msipakie hata kimfuko cha zawadi, nyumbani yanahesabika dawa za kulevya, na kama kazini kwenu wanapima mkojo, kikombe kimoja tu cha ile chai kinaweza kuonekana kwenye kipimo.