Kinda aliye chini na maswali mengine kuhusu ndege wa porini

Msimu wa kuzaliana ukiingia, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nimemkuta kinda chini, nimfanyeje? Mara nyingi anayeuliza ameshamwokota, yuko naye mkononi. Naanza na hilo, na nitakaa nalo muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wenye huruma wanapodhuru bila kujua.

Kabla ya lolote, mtazame mwili. Kinda wa kiotani ana ngozi tupu au vinyoya vya hapa na pale, macho yamefumba au ndiyo kwanza yanafunguka, na ukimweka chini anagaagaa kwa tumbo. Kinda aliyekwisha kutoka ni mwingine kabisa: manyoya yamemfunika karibu mwili mzima, mkia mfupi kama umekatwa, pembeni mwa mdomo bado kuna ngozi laini ya njano, na anarukaruka. Ukiwa na shaka, mwekee kidole chini ya miguu. Akikikamata kwa nguvu na kusimama wima juu yake, huyo ameshaachana na kiota. Akishindwa kushika, bado ni wa kiotani.

Yule anayeshika kidole hajaanguka. Ametoka. Ndege wengi wadogo hutoka kiotani siku kadhaa kabla ya kujua kuruka vizuri, maana kiota chenye makinda wanne au watano wanaolia ni hatari: nyoka akikifikia anamaliza wote kwa mkupuo mmoja. Wakitawanyika vichakani, angalau baadhi watapona. Wazazi wanamjua kila mmoja alipo kwa sauti yake, na wanamfuata na chakula. Ila hawaji wewe ukiwa umesimama palepale. Rudi nyuma hatua thelathini, au jifiche ndani utazame kupitia dirishani kwa saa nzima bila kubandua macho. Mzazi hutua, husukuma mdudu mdomoni mwa kinda na kuondoka, yote kwa sekunde chache, na aliyeinamia simu hamwoni. Kama kinda yuko barabarani, msogeze hadi kichaka cha karibu, mita chache tu, asipotee masikioni mwa wazazi. Kama kuna paka, mfungie paka ndani.

Wa kiotani arudishwe kiotani, ambacho kwa kawaida kiko juu ya pale ulipomkuta. Lakini kwanza mfumbate kiganjani mpaka apate joto. Kinda aliyepoa hapanui mdomo kuomba, na asiyeomba halishwi. Hiyo ndiyo sababu wengi wanaorudishwa wakiwa baridi huonekana kama wamekataliwa, kisha lawama inatupiwa harufu ya mtu. Imani kwamba mama atanusa mkono wako na kumtelekeza mwanawe si kweli. Ndege wengi wa bustanini hawategemei harufu kumtambua mtoto. Kilicho kweli ni kwamba ndege anayesumbuliwa mara kwa mara wakati anajenga, au siku za mwanzo za kuatamia, anaweza kuhama na kuanza upya mahali pengine. Kwa hiyo usiende kuchungulia mayai kila asubuhi, hata kama hugusi kitu.

Kiota chote kikianguka, tafuta kikapu kidogo au kopo pana la plastiki lenye kina cha sentimita kumi hivi. Toboa matundu chini ili maji ya mvua yatoke, kiweke kiota ndani, kisha ufunge chombo kwenye mti uleule, kivulini, karibu iwezekanavyo na kilipokuwa. Kosa la kawaida hapa ni kutumia kopo refu lenye kuta laini: mzazi hapati pa kushika akitua, naye anaacha. Tazama kwa mbali kwa saa moja au mbili uone kama wazazi wanaingia.

Na tafadhali, usimpe maziwa, mkate wala maji. Kinda akipanua mdomo, angalia nyuma ya ulimi: kuna tundu dogo kwenye sakafu ya mdomo, linafunguka na kufumba kadiri anavyopumua. Huo ndio mlango wa njia ya hewa, na uko wazi mno kwa tone la maji unalomdondoshea. Maji yakiingia hapo yanaishia mapafuni. Kinda hupata maji ndani ya chakula anacholetewa. Maziwa ya ng'ombe hayawezi kumeng'enywa na ndege, na mkate unashibisha bila kujenga. Hata shomoro, tunayemjua kwa nafaka, huwalisha makinda wake wadudu, kwa kuwa manyoya na misuli vinahitaji protini nyingi. Njiwa wana utaratibu wao: baba na mama wote wawili hutengeneza uji mzito kwenye kifuko cha chakula kilicho kooni na kuwatapikia watoto.

Jambo moja halisubiri. Ndege aliyeng'atwa na paka apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo, hata kama huoni damu. Mate ya paka yana bakteria wanaoweza kumuua ndege mdogo kwa muda mfupi, na alama ya jino hujificha chini ya manyoya.

Swali linalofuata kwa wingi ni la ndege aliyegonga kioo. Ndege haoni kioo. Anaona mti na mbingu zilizoakisiwa, naye anaruka kuzifuata. Ukimkuta chini amezubaa, mweke kwenye boksi lenye matundu, juu ya kitambaa kisichochomoza nyuzi, funika, uweke mahali pa giza na utulivu. Usimpe chochote, usifungue kila dakika kumtazama, na usimrushe juu ukijaribu kama anaweza kuruka. Anayerushwa akiwa bado na kizunguzungu huanguka mara ya pili. Baada ya saa moja toa boksi nje, mbali na vioo, ndipo ufungue. Asipotoka, mwongezee saa nyingine. Baada ya hapo, au akiwa na bawa linaloning'inia, ni kazi ya daktari au ya watu wenye kibali cha kutunza wanyamapori.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, ila watu hukosea. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii. Ndege anapita pembeni yake, kwenye kioo kilichobaki. Alama zinatakiwa zienee kioo kizima, umbali wa sentimita 5 kati ya moja na nyingine, na ziwe upande wa nje, kwa kuwa taswira inaakisiwa nje. Wavu wa mbu uliofungwa nje ya dirisha unafanya kazi vizuri sana, kwani unafuta taswira na pia unapunguza kishindo.

Anayegongagonga dirisha lilelile asubuhi hadi jioni ana shida tofauti. Huyo hajapotea njia. Anapigana na taswira yake akidhani ni mpinzani aliyevamia eneo lake, na ataendelea kwa wiki kadhaa mpaka msimu upite. Kufunga pazia la giza ndani kunazidisha, kwa sababu kioo chenye giza nyuma kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Paka maji ya sabuni upande wa nje yakauke, au funika kwa gazeti sehemu anayoipiga. Vioo vya pembeni vya gari vivishe mfuko.

Kunguru naye akikushambulia kichwani, ujue kuna kinda karibu. Pita njia nyingine au tembea na mwavuli kwa wiki mbili tatu. Usimrushie mawe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walivaa vinyago, wakawakamata kunguru na kuwaachia, na miaka kadhaa baadaye yeyote aliyepita amevaa vinyago vile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakukamatwa. Sura yako inakumbukwa, na habari zake husambazwa.

Kwa nini ndege hawapigwi na umeme wakitua kwenye waya? Kwa sababu wanagusa waya mmoja tu, hivyo umeme hauna njia ya kupita mwilini. Tai na korongo, wenye mabawa mapana, hufa pale wanapogusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na nguzo ya chuma. Na usingizi? Wengi hugeuza kichwa na kuuzamisha mdomo kwenye manyoya ya mgongoni. Bata hulala nusu ya ubongo wakiwa pembezoni mwa kundi, jicho la upande wa nje likiwa wazi.

Mbayuwayu waliopotea ghafla wamehama. Zamani Ulaya wapo walioamini kwamba hujificha kwenye matope chini ya maji. Mwaka 1822 korongo mweupe alikutwa Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, naye bado anaruka. Ilikuwa dalili ya wazi ya mahali makorongo wanakokwenda. Baadaye zikaja pete za miguuni, ambazo watafiti huwavisha ndege ili kujua wanakokwenda: mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, piga picha ya herufi na tarakimu zote kuzunguka pete, andika tarehe na mahali, kisha utume kwa anwani iliyochapwa hapohapo kwenye pete. Akiwa hai, soma namba umwache na pete yake. Ukiivuta unaweza kumvunja mguu.